Nianze na raba au na mashine ya pumzi?

BARUA

Dada Mshauri, assalaam alaykum.

Mimi ni mwanamke wa miaka 53, mwalimu wa shule ya msingi mjini Tanga, mke, na mama wa watoto watatu ambao wote wameshajitegemea. Nimeisoma safu hii kwa muda mrefu bila kudhani kwamba siku moja nami nitaiandikia, tena kwa jambo ambalo wengi wataliona dogo: kulala na kutembea.

Kukoroma kulinianza miaka kadhaa iliyopita, karibu na wakati hedhi yangu ilipokoma. Niliona haya hata kulitaja, kwa sababu kwetu kukoroma huhesabiwa kuwa jambo la wanaume, na mwanamke akikoroma huchekwa. Mume wangu ndiye aliyegundua kwamba baada ya kukoroma kwa nguvu nilikuwa nikinyamaza ghafla, kifua kikihangaika bila hewa kupita, kisha nikashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Mwenyewe sikuyajua hayo. Nilichokijua ni kichwa kuniuma kila asubuhi, kuamka mara tatu usiku kwenda msalani, na usingizi wa mchana usiozuilika. Siku moja nilipanda daladala kutoka shuleni nikiwa nimepakata madaftari ya darasa la nne, nikalala kichwa kikiegemea dirisha, nikapitishwa kituo changu cha Ngamiani hadi mwisho wa safari. Kondakta ndiye aliyeniamsha kwa kunigusa bega, madaftari yakiwa yametapakaa chini ya viti. Siku hiyo nililia.

Mwaka jana nilikwenda hospitali moja Dar es Salaam, nikalala huko usiku mmoja nikiwa nimebandikwa nyaya kichwani na kifuani. Majibu yakaonyesha kwamba pumzi yangu ilikuwa ikikatika au kupungua mara 34 kwa kila saa ya usingizi. Daktari akasema ni apnia ya usingizi ya kiwango kikali, kwamba nahitaji mashine ya kusukuma hewa wakati wa kulala, na kwamba nipunguze uzito (nina kilo 92) na nifanye mazoezi. Yote hayo aliyasema kwa dakika chache. Nami nikawa naitikia tu, ndiyo daktari, ndiyo daktari, hadi nilipofika nje nikatambua kwamba sikuuliza chochote.

Mashine nilitumiwa na mwanangu anayefanya kazi Muscat, ambaye aliipata kwa mtu asiyekuwa na haja nayo tena, akampa msafiri aniletee. Barakoa yake naivaa saa nne usiku. Hata hivyo, nikiamka kama saa nane kwenda msalani, mara nyingi siirudishi, kwa kuwa mdomo huwa umekauka na pua imeziba. Hata nikiirudisha, naivua kwa ajili ya swala ya alfajiri, kisha najilaza tena bila barakoa hadi saa kumi na mbili na robo. Mume wangu halalamiki kwa maneno, lakini tangu mashine iingie chumbani yeye amehamia kwenye kochi la sebuleni. Anasema ni sauti yake. Mimi nahofia ni sura yangu nikiwa nimevaa kitu kile.

Sasa, mazoezi. Mdogo wangu yumo katika kikundi cha akina mama wanaokimbia siku tatu kwa wiki, kutoka Bustani ya Jamhuri hadi Raskazone na kurudi, na huondoka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Nimekwenda nao mara mbili. Mara ya kwanza niliachwa nyuma mapema sana, moyo ukinidunda hadi masikioni. Mara ya pili nilijikaza nikafika mbali, lakini saa nne asubuhi nilisinzia nikiwa nimesimama ubaoni, chaki mkononi, na watoto wakacheka. Tangu hapo sijarudi.

Mdogo wangu anasema mwenye kosa ni mashine. "Dada, huo ni mkongojo. Ukiuzoea hutatembea tena mwenyewe. Iuze, ulipe jimu, ufanye mazoezi ya kweli, na ugonjwa utaondoka." Mume wangu naye anasema kwamba mtu wa umri wangu, mwenye presha na anayemeza vidonge viwili kila siku, na ambaye miguu yake ikifika jioni imevimba hata mikanda ya viatu imeacha alama, anapaswa kupumzika na si kukimbia barabarani.

Nimechoka mno kuweza kufanya mazoezi, na naambiwa nimechoka kwa sababu sifanyi mazoezi. Nianzie wapi? Na nikifanikiwa, je, ipo siku nitakayoiweka mashine kabatini? Nisaidie kufikiri, maana kila anayenishauri ananipenda, na kila mmoja ananivuta upande wake.

Mwalimu Mchovu, Tanga

JIBU

Wa alaykum salaam, dada yangu Mwalimu.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara nimekwama mahali pale pale, kwenye madaftari yaliyotapakaa chini ya viti vya daladala. Mtu anayeyapakata madaftari ya wanafunzi wake akiwa hoi kiasi hicho si mvivu, na ningependa tuliweke hilo mbele kabla ya mengine, kwa kuwa nahisi neno uvivu linazunguka ndani ya barua yako ingawa hukuliandika.

Tutazame kwanza kinachotokea usiku. Mtu anapolala, misuli ya koo hulegea, na kwa mwenye apnia ya aina yako njia ya hewa husinyaa au kujifunga kabisa kwa sekunde kumi au zaidi. Oksijeni hushuka, ubongo hushtuka, mwili huamka kwa kitambo kidogo kisichokumbukwa, kisha mambo huanza upya. Mara 34 kwa saa maana yake hazipiti dakika mbili kabla pumzi haijakatika au kupungua tena. Katika usiku wa saa sita za usingizi, ni zaidi ya mara 200. Mtu akigongewa mlango mara 200 usiku mmoja, hakuna atakayemshangaa akisinzia ubaoni. Hata zile safari za msalani huenda si jambo la umri peke yake, kwa sababu kifua kinapovuta hewa dhidi ya koo lililofungwa, moyo hutanuka na kutoa homoni inayoziamuru figo zitengeneze mkojo zaidi.

Umeniuliza uanzie wapi, kwenye raba au kwenye mashine, na swali lenyewe linadhani kwamba mashine umekwisha kuijaribu. Je, umeijaribu kweli? Ukiivaa saa nne na kuivua saa nane, unalindwa kwa saa nne tu. Kisha kuna ile nafasi baada ya swala ya alfajiri, ambayo nadhani hakuna aliyekueleza habari zake. Usingizi wa ndoto, ule ambao misuli huwa imelegea kuliko wakati wowote mwingine, hujikusanya zaidi katika sehemu ya mwisho ya usiku, na kwa watu wengi, hasa wanawake, ndipo pumzi hukatika mara nyingi zaidi. Kwa hiyo zile dakika 45 unazojilaza bila barakoa, ukidhani unajiongezea nguvu za siku, huenda ndizo mbaya kuliko zote ulizolala. Silisemi hili kukulaumu, ungelijuaje?

Ukilijua hilo, yale majaribio yako mawili ya kukimbia yanasomeka kwa namna nyingine. Uliyahesabu kama mtihani wa mazoezi, ukajipa sifuri. Mimi nayaona kama mtihani wa mtu aliyekimbia bila kulala, kwa mwendo uliopangwa na wanawake waliokwisha kuzoea. Bado hatujui mwili wako ungesema nini kama ungelala na barakoa wiki tatu au nne mfululizo, kisha ukaanza kutembea kwa mwendo wako.

Mdogo wako ametumia neno mkongojo, nami nalipenda kuliko alivyolikusudia. Aliyevunjika mguu hupewa mkongojo ili asimame, atembee, misuli isinyauke kitandani. Yupo anayeuacha baadaye, na yupo anayekaa nao. Kuuza mashine ili kulipia jimu kuna hatari moja inayonitia wasiwasi zaidi ya nyingine: ukiona umekosea, mashine haitarudi upesi, na katika muda huo presha yako, ambayo apnia isiyotibiwa huipandisha, itakuwa inabeba mzigo wote.

Hata hivyo, mdogo wako hajakosea katika kila kitu, na ningependa umpe haki yake. Mazoezi hupunguza apnia yenyewe, hata kabla mizani haijasogea. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha South Carolina, Marekani, walichapisha jaribio la wiki 12 lililowahusu watu wazima wenye uzito mkubwa na apnia ambayo haijatibiwa. Waliopewa mazoezi walifikishwa hatua kwa hatua kwenye dakika 150 kwa wiki, zilizogawanywa katika siku nne, pamoja na mazoezi ya kuimarisha misuli mara mbili. Idadi ya pumzi kukatika ilishuka kwa wastani kutoka takriban 32 hadi 25 kwa saa, ingawa uzito wao haukupungua kwa kiasi cha kuhesabika. Upande wa uzito nako kuna utafiti mkubwa uliofanywa Wisconsin, jimbo la Marekani, ambako watu walifuatiliwa kwa miaka, na matokeo yakachapishwa mwaka 2000: waliopungua asilimia 10 ya uzito wao walitarajiwa kushuka kwa takriban asilimia 26 ya pumzi zinazokatika. Kwako wewe asilimia 10 ni kilo tisa na kidogo, na 34 yako ingekuja kama 25.

Hesabu hizi ni za wastani, na mwili wako si wastani. Lakini ona zinapokuacha. Kuanzia 34 kwenda 25 ni nafuu ya kweli, nafuu ya kufurahia, na bado ni kiwango cha kati, kwa kuwa madaktari huita 15 hadi 30 kiwango cha kati na 5 hadi 15 kiwango chepesi. Ndiyo maana naogopa ahadi ya kwamba "ugonjwa utaondoka". Si kwamba haiwezekani. Wapo waliopungua uzito sana wakapimwa upya wakakutwa hawahitaji mashine. Ila mtu anayeanza kutembea kwa ahadi hiyo huitazama mizani kila Ijumaa, na ikigoma, huacha kutembea, akapoteza pia mambo ambayo kutembea kulikuwa kumeshampa: presha kutulia kidogo, sukari kudhibitika, usingizi kuwa mzito zaidi, na kusinzia mchana kupungua.

Hapa nakuja kwa mume wako. Amesema upumzike, nawe umelisikia kama kukatazwa. Lakini huyu ndiye mtu aliyelala kando yako akisikiliza ukimya, akingoja uvute pumzi tena. Labda kochi la sebuleni ni sauti ya mashine kama anavyosema, labda ni jambo jingine. Hamjalizungumza, na wewe umemjibia moyoni mwako jibu linalokuumiza. Kuhusu presha ana hoja. Mtu wa miaka 53 mwenye presha na apnia kali anapaswa kupimwa presha na kusikilizwa moyo kabla ya kuanza kukimbia, na mwambie daktari pia kuhusu miguu kuvimba, kwa kuwa baadhi ya dawa za presha huisababisha na wakati mwingine huwa ni ishara ya jambo la moyo au figo. Kutembea taratibu ni suala jingine, na madaktari wengi hawatakuzuia. Lakini maumivu ya kifua, kizunguzungu cha kutaka kuanguka, au kukosa pumzi kusikolingana na mwendo ni sababu ya kusimama hapo hapo na kwenda hospitali, si ya kujikaza.

Tuangalie basi mlango upi unakufaa. Kikundi cha alfajiri kina mambo mawili mazuri ambayo sitaki uyadharau, nayo ni wenzako na hewa ya baharini kabla jua halijawa kali. Tena, ikiwa saa ile baada ya swala ndiyo unayolala vibaya, kuitumia kutembea kunaweza kuwa faida kuliko hasara. Lakini hilo linategemea ulale mapema zaidi na barakoa usiku mzima, la sivyo utakuwa unalipa deni la usingizi kwa kukopa tena. Na ukiwa kwenye kikundi, utaweza kutembea wengine wakikimbia? Kama utaona haya kuachwa nyuma, utajikaza, na siku ya tatu tutakukuta tena ubaoni. Huenda akawapo mama mwingine anayetamani kutembea na hathubutu kuwa wa kwanza kusema. Huna wajibu wa kumweleza yeyote habari za usingizi wako. Kusema "mimi natembea kwa sababu ya presha" kunatosha, na ni kweli.

Mlango mwingine ni jioni, baada ya laasiri. Ule uvimbe wa miguu unaouona jioni ni maji, na mtu akilala, maji hayo hupanda kutoka miguuni hadi kiwiliwili na shingoni, yakasaidia kuibana njia ya hewa. Misuli ya shavu la mguu, ile ya nyuma chini ya goti, ni kama pampu: ukitembea, huyasukuma maji hayo kabla ya kulala. Watafiti wanadhani hiyo ni sababu mojawapo ya mazoezi kusaidia hata pale uzito usipopungua. Dakika kumi mtaani kwako, kwenye barabara za Ngamiani, ukiwa na raba chini ya baibui, hazihitaji kikundi wala ada. Hatari ya jioni ni ile unayoijua kuliko mimi: jiko, wageni, madaftari. Anayepanga jioni ni rahisi kujikuta amezikosa siku nyingi. Mimi ningeanza na kumi, wiki mbili, kisha niongeze tano, nikijua kwamba dakika 150 kwa wiki ambazo Shirika la Afya Duniani linazitaja kwa watu wazima ni mahali pa kufika na si pa kuanzia.

Usiupime mwendo kwa mapigo ya moyo peke yake, hasa ikiwa kimoja cha vidonge vyako ni cha aina inayopunguza mapigo. Tumia mdomo wako. Ukiweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba kaswida, mwendo ni huo. Ukishindwa hata kumjibu, punguza. Siku ambayo umelala vibaya na macho yanajifunga hata ukiwa umesimama, sioni aibu yoyote katika kuacha kutembea siku hiyo. Na kwa sasa ningeikwepa baiskeli, pamoja na kwamba Tanga ni mji wa baiskeli, hadi kusinzia kwa mchana kumepungua, kwa kuwa aliyesinzia akitembea hujikwaa, lakini aliyesinzia juu ya baiskeli yuko mbele ya magari.

Nimeliacha mwisho jambo linaloniuma zaidi katika barua yako, nalo ni mashine yenyewe. Ilikuwa ya mtu mwingine. Mashine hizi hupangwa nguvu ya hewa kwa mgonjwa fulani; nguvu inayomtosha mmoja inaweza kuwa ndogo kwako, ukaendelea kukatika pumzi ukidhani unatibiwa, au ikawa kubwa mno, ikakukausha mdomo na kukufanya uivue. Aina nyingine hujirekebisha zenyewe kati ya viwango viwili, lakini viwango hivyo navyo mtu alivipanga. Barakoa nayo ina saizi, na ikivuja hewa hupiga kelele na kukausha koo. Nyingi zina sehemu ya maji ya kulainisha hewa, ambayo huenda hukuletewa au hujaitumia. Inawezekana kabisa, dada yangu, kwamba mdomo mkavu, pua kuziba, na hata sauti iliyomfukuza mume wako vinatokana na mashine ambayo haijawahi kukutanishwa na wewe. Unaweza kuona bado hutaki kuitumia baada ya yote hayo kurekebishwa, na uamuzi huo utakuwa wako. Lakini angalau utakuwa umeikataa mashine yako, si ya mtu mwingine.

Na kama ipo siku utakayoiweka kabatini, sitakudanganya kwamba naijua. Najua kitakachoionyesha: kipimo kingine kama kile cha nyaya, ukiwa umeshatembea kwa miezi na uzito umebadilika, wala si kuacha kukoroma peke yake wala kujisikia vizuri kwa wiki mbili. Hadi hapo, raba na mashine zinaweza kukaa chumba kimoja.

Nyingi ya mashine hizi huhifadhi idadi ya saa zilizotumika kila usiku na mara ambazo pumzi ilikatika. Mpigie mwanao wa Muscat, umuulize kama ilikuja na karatasi ya mipangilio yake au kijitabu cha maelekezo, na kama aliyeitumia kwanza alikuwa mtu mzima wa umbo kama lako. Majibu hayo, pamoja na mashine yenyewe ndani ya begi lake, uende nayo kwa daktari utakaporudi, na safari hii uandike maswali yako kwenye daftari kabla ya kuingia.